Neno la Siri la Apio

Jumatatu, 7 Juni 1999

Umeme ulikuwepo. Nimeivua kompyuta kitambaa chake cha kufuma, nimepangusa vumbi la malori, nimeiwasha, nimekwenda kuchemsha chai na nimerudi kabla haijaamka. Kila asubuhi ni hivyo. Imezeeka kabla ya wakati wake, kama mimi.

Fomu za forodha hadi saa sita. Barua za boss. Simu. Ofisi ya wakala wa forodha, na tuko watano kwenye mashine moja na laini moja ya simu. Mmoja akiingia intaneti, simu ya ofisi imekwisha. Anayepiga kutoka nje anasikia tii-tii-tii tu. Ndiyo sababu boss, Bwana Wandera, alitaka kila mtu awe na jina lake mle ndani na saa zake. Kazi hiyo nilipewa mimi kwa kuwa niliwahi kufundisha taipu na wanaamini ni kitu kimoja.

Nilimpa kila mtu neno la siri, nikamwambia alibadilishe. Hakuna aliyebadilisha. Wanaona neno likishatolewa na ofisi ni kama nambari ya kipande. La boss ni "boss". La Apio wa Malaba ni "adongo", na hilo naliona aibu hata mimi. Hapa mpakani, uwe Mteso au Mluo, ukiitwa Apio basi kuna Adongo mahali, pacha wako aliyezaliwa nyuma yako. Hata dereva asiyemjua Apio atamuuliza: Na Adongo yuko wapi? Neno la siri ambalo Busia nzima inalijua.

Langu halijulikani na mtu.

Jumanne, 8 Juni

Nimeingia tena kwa jina la Apio.

Niandike ukweli, daftari hili halisomwi na yeyote. Mimi nimepewa nusu saa kwa siku. Kompyuta yenyewe inaandika nani ameingia intaneti na ametoka saa ngapi, na boss huifungua orodha hiyo kila Ijumaa, miwani puani. Mwezi wa nne aliniambia, Madam, haya masaa yako yamezidi. Nikaona haya. Halafu nikapata njia. Apio hukaa kwenye meza yetu ya Malaba, lakini Jumanne na Ijumaa huleta mafaili hapa Busia na kutaipu. Baada ya chakula huteremka forodhani. Akiteremka tu, mimi nakuwa Apio. Saa zake hazimalizi. Yeye anachotaka kwenye intaneti ni barua ya Adongo ya kila Ijumaa. Dakika kumi, basi.

Mimi nakwenda barazani. Ni mahali ambapo watu wa kwetu walioko ng'ambo hukutana na kuandikiana papo kwa papo. Huko naitwa Dada wa Mpakani. Wananiuliza: Mvua imefika Butula? Omena ya Osieko bado inaanikwa kwenye nyavu ama mchangani? Pale Khunyangu, yule mama wa ndizi za kuchoma yupo? Nawajibu wote. Nisipojua naulizia sokoni jioni, kesho nina jibu. Mmoja wa Kanada aliandika kwamba alinisoma akiwa kazini akalia.

Tangu mume wangu, Baba Seline, aende Kampala kununua spea mwaka 1994, hakuna mtu aliyewahi kuningoja hivyo. Spea hajazipata hadi leo.

Leo nilikaa saa moja na dakika arobaini. Ilikuwa tamu.

Jumatano, 9 Juni

Vifaranga wamekufa.

Lori la vifaranga wa siku moja lilikuwa Malaba jana, likienda Uganda. Nambari moja kwenye karatasi ilikuwa na makosa. Ofisa alitaka tu ofisi yetu ithibitishe kwa simu, neno moja, lori livuke. Dereva alipiga kutoka kibandani. Mwenye mali alipiga kutoka Eldoret. Tii-tii-tii. Kuanzia saa nane hadi karibu saa kumi, na lile jua.

Boss aliingia na boksi moja akaliweka mezani pangu, juu ya fomu. Njano tupu. Wawili walikuwa bado wanahema. Sikujua niweke macho wapi.

Akafungua orodha. Akasoma kwa sauti: Apio, saa nane na dakika tano hadi saa kumi kasorobo.

"Mfungie huyo msichana intaneti. Leo leo. Na usimwambie kitu. Nataka aje mwenyewe akubali."

Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni: "Sawa, boss."

Kumfungia mtu ni dakika mbili. Unaingia kwa jina la mkubwa wa mashine, lile ninalolishika mimi, unatafuta jina lake, unaondoa alama kwenye kijisanduku kimoja. Ataweza kuwasha, kutaipu fomu, hata kuandika barua. Mashine tu haitampigia laini. Mimi nilitumia dakika moja. Hilo ndilo linalonisumbua sasa ninapoandika.

Vifaranga niliwamwaga mwenyewe kwenye shimo la taka nyuma ya uwanja wa malori. Boksi nimelihifadhi, sijui kwa nini.

Ijumaa, 11 Juni

Apio amekuja. Amenisalimia kama kawaida, kwa mikono miwili. Nilimfundisha taipu mwaka mzima kabla hajapata kazi hapa, na mpaka leo haniiti Madam kama wengine. Ananiita Mwalimu.

Alimaliza fomu, akafungua sehemu ya barua. Hakuna barua ya Adongo. Bila shaka hakuna. Kilichomjia hakiwezi kumfikia. Akaandika ya kwake, ndefu, ulimi nje kidogo kama mtoto. Akabonyeza kutuma. Huwa mashine inapiga kelele ikiita laini, mlio mbaya sana, naye huwa anacheka. Leo kimya. Barua ikaondoka mbele ya macho yake. Yeye hajui kwamba imeingia tu kwenye kisanduku cha kutoka, humo humo ndani ya mashine, inangoja laini isiyokuja.

"Mwalimu, mbona leo haijalia kama bata?"

"Siku hizi hailii."

"Kwa hivyo imeenda?"

"Imeenda."

Neno moja. Sikulazimishwa na mtu. Boss alisema nisimwambie, hakusema nimdanganye. Hiyo niliongeza mwenyewe.

Jumapili, 13 Juni

Kanisani. Niliketi nyuma. Padri alisoma, sikusikia. Wakati wa kupeana amani mama wa jirani alinishika mkono nikaona ananishika sana.

Sikupokea komunyo.

Jumanne, 15 Juni

Hakuna jibu, Apio anasema. Si kawaida ya Adongo. Adongo yuko Uswidi, mwaka wa tatu sasa, anatunza wazee katika nyumba ya wazee. Amehama chumba mwezi uliopita na nambari mpya ya simu ya huko Apio hana. Barua ya stempu ni wiki tatu. Kwa hivyo kila kitu kiko kwenye hii mashine. Haya yote ameniambia akitaipu, bila kuniangalia, na mimi nikipiga mihuri kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Mama yao ni mgonjwa huko Amagoro. Moyo. Apio anamwita Toto, ndivyo Wateso wanavyomwita mama.

Dereva mmoja alichungulia mlangoni akitafuta karatasi zake. Alipolisikia jina la Apio akamtania: Na Adongo mmemficha wapi? Apio hucheka kila mara. Leo hakucheka.

Ameandika barua ya pili. Amebonyeza. Hakuniuliza kama imeenda. Amenunua andazi, amenigawia nusu. Nimelila. Nashangaa nilivyolila.

Sijafungua hicho kisanduku kuangalia. Sitaki kujua kuna nini. Nikijua itabidi nifanye jambo.

Jumatano, 16 Juni

Boss ameuliza kama Apio amekubali. Nikasema bado. Akasema, huyu ana kichwa ngumu. Nikarudi kwenye fomu.

Nilipochana nywele asubuhi nilijiambia: kesho. Nimekuwa nikijiambia kesho tangu Jumatano iliyopita.

Alhamisi, 17 Juni

Nilisema sitakwenda tena barazani. Nimekwenda. Kwa jina langu, kwa nusu saa yangu halali, kana kwamba hiyo inanisafisha.

Walinipokea kwa shangwe. Dada, ulipotelea wapi? Nikaanza kuwaambia habari za mvua. Halafu akaingia mtu mpya, jina sijawahi kuliona. Akaandika:

Hamjambo. Kuna mtu yeyote wa Malaba ama Busia humu? Natafuta pacha wangu, amenyamaza wiki mbili, na mama yetu ni mgonjwa.

Wa Kanada akamjibu upesi: Umefika mahali pake, muulize Dada wa Mpakani, huyo anajua kila mtu.

Na yule akaandika: Dada, tafadhali. Anaitwa Apio.

Nilichomoa waya wa simu ukutani. Sikutoka kwa utaratibu, nilichomoa. Kioo kikabaki na yale maneno. Mashine ikasema muunganisho umepotea, kana kwamba umepotea wenyewe.

Ningeandika maneno mawili: Mama anakuita. Vidole vyangu vinapiga taipu upesi kuliko vya mtu yeyote mtaa huu. Ningemaliza kabla hajapepesa macho. Lakini angeuliza, Umejuaje? Kwa nini Apio asiandike mwenyewe? Na watu wote wa barazani wangekuwa wanasoma. Niliogopa kuaibika mbele ya watu ambao hawajui hata sura yangu.

Niliingia kwa jina la Apio bila kuurudisha waya. Kisha nikafungua kisanduku cha Apio. Neno la siri: adongo. Barua mbili, zimelala pale.

Ya Ijumaa: Uliniuliza uje sasa ama Desemba, kwa sababu ruhusa ni moja tu. Njoo sasa. Toto anasema ana neno la kutuambia. Nimemwomba aniambie mimi nikuandikie, amekataa. Unamjua. Anasema tangu tuzaliwe hajampa mmoja kitu mwingine akikosa, hataanza na hili. Njoo sasa, Adongo.

Ya Jumanne: Mbona umenyamaza? Umekasirika? Toto amekuulizia mara tatu leo. Amenituma leso sokoni, nimeleta doti nzima, nikachukua makasi nitenganishe vipande viwili, akaninyang'anya makasi. Anasema: Itakatwa siku mtakayokuwa wawili mbele yangu. Ameiweka chini ya mto.

Nilisoma mara mbili. Nikaenda nje.

Halafu, na hili pia niliandike, nilirudi nisizitume. Nilipiga hesabu. Nikizituma leo Alhamisi kwa jina la Apio, orodha itaonyesha Apio ameingia intaneti siku ambayo yuko Malaba, na boss atajua kuna mtu mwingine anayejifanya Apio. Nikasema kesho ni Ijumaa, Apio atakuwepo hapa, nitamfungulia kidogo, zitatoka, hakuna atakayejua. Nilijipangia hivyo. Nikaona nimekuwa na akili.

Ijumaa, 18 Juni

Apio hakuja. Mafaili yaliletwa na mtu wa bodaboda. Mama amezidiwa, anasema, Apio amebaki nyumbani.

Nilikaa mbele ya mashine siku nzima na boss akiwa chumba cha pili anakohoa. Sikuzituma.

Jumamosi, 19 Juni

Nimezituma.

Jumamosi ofisi haifunguliwi. Nina ufunguo. Saa nne asubuhi, watu wamejaa barabarani wakivuka na magunia. Niliingia kwa jina la mkubwa, nikarudisha ile alama kwenye kijisanduku. Nikaingia kama Apio. Saa nne na dakika kumi na mbili, imeandikwa, na iandikwe. Nikabonyeza. Mashine ikalia kama bata. Sikuwahi kuusikia mlio mzuri hivyo maishani mwangu.

Ya kwanza ilikuwa imekaa humo siku nane.

Zikaingia na barua tatu za Adongo zilizokuwa zikimngoja Apio. Sikuzisoma. Nilikaa. Nikafagia ofisi. Nikapanga mihuri. Baada ya saa mbili nikapiga laini tena, na jibu lilikuwepo. Hilo nililisoma, kwa maana ilibidi nijue. Adongo anasema: Nimepata zako mbili kwa mpigo, mbona kwa mpigo? Nimeongea na mkubwa wangu. Nakuja. Ijumaa nitakuwa nyumbani.

Nikachapisha zote nne, nikaenda Amagoro.

Nyumba yao ni ya matope iliyopakwa vizuri, na mbuzi wawili nje. Apio alipoziona karatasi alipiga kelele, akanikumbatia. Mwalimu, Mungu akubariki, umekuja mbali hivi kuniletea barua. Alinikumbatia, na mimi nilisimama kama gogo.

Mama yao yuko kitandani, mdogo, macho makali bado. Apio alimwambia Adongo anakuja Ijumaa. Mama akaniita karibu. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini kila neno lilikuwa wazi.

"Wewe ndiye mwalimu wake?"

"Ndiyo, Mama."

"Umefundisha vizuri."

Apio akamwambia, Toto, basi tuambie hilo neno, huyu mwalimu ni mtu wetu, ataliandika lisipotee. Mama akatikisa kichwa. Akainua vidole viwili. Akavigandanisha. Wote wawili ama basi. Pembe ya leso ilikuwa imetokeza chini ya mto, nyekundu na nyeusi.

Ningeweza kupiga magoti nimwambie, Mama, sema sasa, nakuomba, usingoje. Nilikunywa chai niliyopewa. Nikaaga.

Apio hajui. Amenisindikiza hadi barabarani akinishukuru.

Jumanne, 22 Juni

Habari imefika asubuhi. Jana alfajiri mama ya Apio aliamka upande mmoja wa mwili umepooza na ulimi umefungwa. Yu hai. Anaona, anasikia. Hasemi.

Nimeandika hiyo sentensi na kuiangalia.

Boss aliifungua orodha leo badala ya Ijumaa. Alikuwa akimtafuta mtu mwingine, akakutana na Jumamosi. Akaniita.

"Madam. Apio ameingia hapa Jumamosi saa nne. Amepitia dirisha?"

"Ni mimi."

"Na nilisema afungwe."

"Nilimfungua. Na Jumanne ile ya vifaranga, boss, ni mimi. Si Apio. Nyingine zote pia."

Alivua miwani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa makelele, na makelele hayakuja. Aliniuliza tu nilikuwa nafanya nini humo saa zote hizo. Nikamwambia. Nilipofika kwenye habari za omena alinitazama kana kwamba nimesema nilikuwa nacheza kibe na watoto.

Hakunifukuza. Si kwa huruma. Alisema wazi: nikikufukuza, nani mwingine anajua kufungua na kufunga hii takataka? Atamwandikia mwenye vifaranga mwenyewe, na jina langu litakuwemo. Halafu akavuta kiti, akaketi nyuma yangu.

"Jifungie."

Nikaingia kwa jina la mkubwa. Nikatafuta jina langu. Nikaondoa alama. Boss akaangalia kwa makini, asielewe chochote, na mimi na yeye tukijua kwamba ninaweza kuirudisha mara tu atakapoenda kula. Hakuna wa kunizuia isipokuwa mimi. Ndiyo adhabu yenyewe, nadhani, ingawa yeye hakuikusudia.

Sijarudisha.

Ijumaa, 25 Juni

Adongo amefika. Nimeambiwa na yule yule mtu wa bodaboda. Alipitia Entebbe, akavuka Malaba mchana. Watu wa mpakani wakamwita Apio, Apio, akawajibu, mimi ndiye yule mwingine.

Sikwenda.

Jumapili, 27 Juni

Kanisani tena. Nimetubu kwa padri. Aliniuliza kama nimemwambia mwenyewe aliyekosewa. Nikasema bado. Akasema basi umekuja kwangu mapema. Sikuipenda hiyo. Ni kweli.

Jumanne, 29 Juni

Nimemwambia.

Alikuja na mafaili. Amekonda. Aliketi kabla sijamkaribisha, akanieleza mwenyewe. Walipoingia wote wawili mama aliwaona. Alifahamu. Machozi yalitoka upande mmoja. Akafungua mdomo, akasukuma, akasukuma, na kilichotoka ni sauti tu, haina neno ndani yake. Alijaribu mpaka wakamwomba aache. Adongo alilala chini kando ya kitanda. Kila asubuhi anajaribu tena. Jana hakujaribu.

Apio akasema: Laiti zile barua hazingechelewa njiani.

Nikasema: "Hazikuchelewa njiani."

Nikamwambia yote, kuanzia baraza hadi waya wa simu. Sikujipamba. Nilipofika kwenye "kesho" zangu nilijizuia kulia, kwa maana kulia kungekuwa kumwomba anihurumie. Alisikiliza akiangalia kibao cha herufi.

Mwishowe aliuliza moja tu.

"Nilikuuliza kama imeenda. Ukasema imeenda."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza, Mwalimu."

Akasimama. Akachukua mafaili yake kabla hajayataipu. Hakubamiza mlango. Aliufunga taratibu, kama anavyofunga siku zote.

Sina hasira na mtu isipokuwa mimi. Wangekuwa wamekaa na mama yao siku nne nzima, akisema. Labda ni shamba. Labda ni baba yao. Labda ni jina la dawa, ama wimbo, ama kitu kidogo cha kuwachekesha. Hakuna atakayejua. Nimejaribu kulibuni hilo neno nikiwa nafua, nikiwa napika. Si haki yangu hata kulibuni.

Jumatano, 30 Juni

Mvua kubwa. Laini ya simu imekufa kutwa. Hakuna aliyesumbuka.

Boksi la vifaranga nimelichoma.

Ijumaa, 2 Julai

Sikumtarajia. Saa nne mlango ulifunguka na Apio akaingia na mafaili, amejifunga leso mpya kiunoni, nyekundu na nyeusi. Kipande kimoja. Upande wa chini makasi yalipita vibaya kidogo, kama ya watu wawili walioshika kwa pamoja. Ukingo haujapindwa bado.

Aliniita Madam.

Akataipu fomu zote, hakukosea hata moja. Nikampelekea chai, akaiacha ipoe. Boss alipita, akamsalimia kwa adabu aliyoikosa mwezi mzima. Apio alipomaliza aliketi mikono mapajani.

"Nataka kubadilisha lile neno."

Nikamfungulia mahali penyewe. La zamani juu, jipya chini, jipya mara ya pili. Nilikuwa nimemwelekeza hivyo hivyo siku ya kwanza, hakutaka. Akaweka vidole kwenye herufi, kisha akaviondoa, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza leo.

"Geuka."

Nikageuka. Nikaangalia ukuta, kalenda, ufa ulio juu ya msumari. Nyuma yangu alipiga polepole, herufi moja moja, asikosee. Nafahamu kibao hicho kwa masikio. Nikitaka naweza kujua neno kwa mlio wa vidole tu. Nilianza kukohoa. Nilikohoa mpaka akamaliza.